Mzazi katoka wodini, hatari ya damu kuganda katoka nayo

Mzazi aliyejifungua kwa upasuaji hulala wodini siku 2, 3, pengine 4. Damu yake hubaki na wepesi wa kuganda uliopita kawaida kwa wiki 6, kilele kikiwa wiki 3 za mwanzo, na mabaki ya hatari hiyo hupungua kidogo kidogo hadi kama wiki ya 12. Ukiziweka hesabu hizo mbili pamoja, kasoro inajionyesha yenyewe: kinga imepangwa kwa kalenda ya wodi, ilhali damu inafuata kalenda yake. Sindano za heparini, dawa inayozuia damu isigande, hukoma siku ya ruhusa, muuguzi aliyekuwa akimhimiza mzazi atembee anabaki hospitalini, na miguu haiangaliwi na mtu hadi kliniki ya wiki ya 6, wakati kipindi kibaya kimeshapita, kwa heri au kwa shari.

Kuna wanaolikuza tatizo hili na kuna wanaolipuuza, kwa hiyo ukubwa wake usemwe wazi. Katika kila mimba 1,000, mama 1 au 2 hupata donge la damu kwenye mshipa wa ndani. Upasuaji huzidisha hatari hiyo kwa takriban mara 4 ukilinganisha na kuzaa kwa njia ya kawaida, na upasuaji wa dharura, hasa ule unaofanywa uchungu ukiwa umeshaanza, ni mbaya kuliko uliopangwa. Walio wengi basi hawatapata donge lolote. Ila donge likikatika kutoka mguuni au nyongani na kusafiri hadi mapafuni, linaweza kuua kwa dakika chache mtu ambaye asubuhi alikuwa akinyonyesha na kucheka.

Kwa nini damu ya mzazi iwe hivyo? Ni maandalizi. Mimba inapokaribia kutimia, damu inayopita kwenye mji wa mimba hufikia nusu lita au zaidi kila dakika, na kondo la nyuma likibanduka huacha jeraha pana linalotakiwa kufungwa upesi. Mwili hujiandaa mapema: fibrinojeni na vigandishi vingine huongezeka, protini S ambayo kazi yake ni kuzuia damu isigande ovyo hupungua, na kondo lenyewe hutoa kemikali inayochelewesha madonge kuyeyuka. Mpango huo ndio unaowaokoa wanawake wengi wasife kwa kutoka damu. Hauvunjwi, hata hivyo, siku mtoto anapozaliwa.

Daktari Mjerumani Rudolf Virchow anakumbukwa, tangu karne ya 19, kwa mambo matatu yanayogandisha damu ndani ya mshipa: mkondo uliozubaa, ukuta wa mshipa ulioumia, na damu iliyo tayari kuganda. Mjamzito anakuja na la tatu. Upasuaji unamwongezea la pili, kwa sababu tishu za nyonga huvutwa na kukatwa. La kwanza huletwa na ganzi, maumivu na kitanda. Hilo la kwanza ndilo ambalo mzazi na wanaomuuguza wanaweza kulibadilisha kwa mikono yao, na hapo ndipo neno "pumzika" linapoleta madhara.

Kupumzika baada ya upasuaji ni kutobeba ndoo, kutoinama hovyo, na kulala mtoto anapolala. Si kulala chali siku nzima. Kigimbi ni pampu: kila misuli yake inapojikunja hukamua damu ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kuelekea juu, na vali zilizo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Mguu uliotulia hauna pampu. Kazi basi ianze mapema kuliko watu wanavyodhani, ganzi ya mgongo inapoanza tu kuachia. Akiwa bado kitandani, mzazi avute vidole vya miguu kuelekea kwake, kisha avisukume mbali, kama mtu anayekanyaga cherehani, mara 10 kila saa akiwa macho. Hakuna uchawi katika namba 10. Ni namba inayokumbukika. Miguu ikiwa bado mizito, aliye kando yake anaweza kumkunjia na kumkunjulia nyayo.

Kusimama mara ya kwanza kuna utaratibu, na wengi huuruka. Wodi nyingi hulenga kumwinua mzazi ndani ya saa 6 hadi 8 tangu upasuaji kwisha. Kabla ya hapo ajaribiwe: anaweza kuinua kila mguu ukiwa umenyooka na kuushikilia hewani? Anaikunja goti bila msaada? Anahisi akiguswa mapajani? Jibu likiwa hapana, asubiri, kwa sababu mzazi akianguka sakafuni hurudishwa kitandani kwa siku nzima. Dawa ya maumivu itangulie kwa dakika 30 hadi 45. Kisha ageuke ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa, ateremshe miguu yote miwili pamoja ukingoni mwa kitanda huku akijisukuma kwa kiwiko na kiganja, ili misuli ya tumbo isifanye kazi ya kunyanyua. Akae dakika chache miguu ikining'inia. Kizunguzungu kikija, arudi alale. Kisipokuja, asimame akishikwa na mtu mmoja kila upande. Safari ya kwanza ni hadi msalani na kurudi, basi.

Kinachokwamisha safari ya pili mara nyingi ni maumivu, ingawa lawama huenda kwa uvivu. Mzazi anayepewa dawa pale tu anapolalamika huwa tayari ameshajifunza kutosogea. Kwa wasio na kizuizi, parasetamo gramu 1 kila saa 6 pamoja na ibuprofeni miligramu 400 kila saa 8, zikifuata saa bila kungoja maumivu yapande, ndizo zinazomtoa kitandani. Ibuprofeni ina masharti yake: mwenye figo zenye hitilafu, vidonda vya tumbo, shinikizo kali la mimba au anayeendelea kutoka damu asipewe bila daktari kupima kwanza. Mpira wa mkojo nao ni kamba. Ukiachwa siku ya pili "kwa usalama", mzazi hulala siku ya pili kwa sababu yake. Utolewe mara anapoweza kutembea na nguvu ya ganzi imekwisha. Dripu ambayo haina kazi tena iondolewe vilevile.

Nyumbani kosa hubadilika sura. Mzazi hakai tena chali, bali hukaa saa nyingi kwenye kiti kile kile akinyonyesha, mguu mmoja umekunjwa chini yake, kinena kimebanwa. Abadilishe mkao kila anaponyonyesha, nyayo ziguse chini au ziinuliwe kwenye kigoda bila kukunjamana gotini, na kila baada ya kunyonyesha atembee ndani ya nyumba dakika 5 hivi. Anywe maji kila mtoto anaponyonya, kwa sababu maziwa peke yake yanaweza kuchukua robo tatu ya lita kwa siku. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, maji hayatoshi.

Baada ya kuusifu mwendo kiasi hicho, lazima niseme mahali unapoishia. Kutembea ni msingi wa kila mzazi, lakini si mbadala wa sindano kwa aliye na hatari kubwa. Mama ambaye alishawahi kupata donge hakingwi na matembezi ya wodini, hata akizunguka mara ishirini. Kauli ya "huyu anatembea vizuri, hahitaji heparini" inachanganya vitu viwili: mwendo unaondoa kuzubaa kwa mkondo, haugusi damu yenyewe.

Nani basi apewe sindano? Mwongozo wa wataalamu wa uzazi wa Uingereza wa mwaka 2015 hutumia alama, na kwa maoni yangu mfumo wa alama, pamoja na udhaifu wake, unashinda kubahatisha. Aliyewahi kupata donge ana alama 4. Upasuaji uliofanywa uchungu ukiwa umeanza ni alama 2, uliopangwa ni 1. Umri uliozidi miaka 35 ni 1. Uwiano wa uzito na urefu (BMI) kuanzia 30 ni 1, kuanzia 40 ni 2. Mapacha 1, shinikizo la mimba lenye protini kwenye mkojo 1, uchungu uliozidi saa 24 ni 1, kupoteza damu zaidi ya lita 1 au kuongezewa damu 1, maambukizi ya mwili 1, kuwa na uzazi 3 au zaidi 1. Jumla ikifika 2 baada ya kujifungua, sindano za heparini huendelea kwa angalau siku 10. Wenye hatari ya juu, kama aliyewahi kupata donge, huchomwa wiki 6. Kwa hesabu hiyo, mama wa miaka 26 mwenye upasuaji uliopangwa na asiye na jingine ana alama 1: maji na mwendo vinamtosha. Wa miaka 37 mwenye uwiano wa 31 ana 3, hata kama upasuaji wake ulikuwa shwari kabisa.

Wamarekani hawakubaliani na upana huo. Wakunga na madaktari wao hutegemea zaidi mifuko ya kubana miguu kwa hewa, inayofungwa kabla ya upasuaji hadi mzazi aanze kutembea, na heparini huwekwa akiba kwa wenye hatari zaidi. Ugomvi huu ni wa haki. Heparini haitolewi bure: jeraha linaweza kuvuja na kutunga damu chini ya ngozi, na majaribio makubwa ya kulinganisha kwa wazazi wa upasuaji ni machache. Kinachoegemeza mizani upande wa Waingereza ni rekodi yao ya vifo, ambayo huchunguza kila kifo cha mzazi. Vifo vitokanavyo na madonge vilikuwa 41 katika miaka ya 2003 hadi 2005. Katika miaka 3 iliyofuata, baada ya mwongozo wao wa awali, wa mwaka 2004, kusambaa, vilikuwa 18. Huo si ushahidi wa majaribio, lakini si wa kupuuzwa.

Lililo muhimu kuliko alama ni mara ngapi zinahesabiwa. Hesabu ya siku ya kupokelewa hupitwa na wakati kabla jeraha halijafungwa. Mama aliyeingia na alama 1 ya upasuaji uliopangwa akapoteza damu lita 1.3, kisha siku ya tatu akapata homa ya maambukizi ya kizazi, anatoka na 3, huku faili lake bado linasema 1. Ihesabiwe mara tatu: anapopokelewa, saa chache baada ya mtoto kutoka, na siku ya ruhusa. Akirudishwa wodini kwa jeraha lililoachia, ihesabiwe ya nne.

Kuhusu sindano zenyewe. Heparini ya chembe ndogo, ambayo enoksaparini ndiyo maarufu, hupimwa kwa uzito wa mwili: miligramu 20 kwa siku kwa aliye chini ya kilo 50, 40 kwa kilo 50 hadi 90, 60 kwa kilo 91 hadi 130, 80 kwa kilo 131 hadi 170. Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu 40, mwembamba na mnene sawasawa. Hutolewa nje ya mwili na figo, kwa hiyo figo zikiwa dhaifu kipimo hupunguzwa. Anayetoka damu au mwenye chembe sahani (zile za damu zinazosaidia kuganda) chini ya 75,000 husubirishwa. Mwongozo huohuo wa Uingereza unataka zipite angalau saa 4 tangu ganzi ya mgongo ichomwe au mrija wake utolewe. Wengine husubiri saa 6 hadi 12. Sababu ni kuogopa damu isivujie kwenye mfereji wa uti wa mgongo. Tukio hilo ni adimu, lakini dalili zake zijulikane: mgongo kuuma vikali, miguu iliyokwisha kupata nguvu ikalegea au kufa ganzi upya, mkojo kukataa kutoka. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Watu huziita "dawa za kuyeyusha damu", na jina hilo limezaa hofu isiyo na msingi. Haziigeuzi damu kuwa maji wala haziyeyushi donge lililokwisha kujengeka; huzuia jipya lisifungamane na lililopo lisikue, mwili ukiliyeyusha wenyewe. Hofu nyingine ni maziwa. Hata hiyo chembe ndogo ya heparini bado ni kubwa kwa kupenya, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno, na tumbo la mtoto hukivunja. Vidonge vipya kama rivaroksabani ndivyo vya kuepukwa wakati wa kunyonyesha. Warfarini inaruhusiwa. Aspirini, ambayo wengine huinunua wakidhani ni ile ile, haitegemewi kuzuia madonge ya mzazi.

Mzazi anayepewa sindano za siku 10 atazichoma mwenyewe au atachomwa na wa nyumbani, na hapa ndipo mpango unapomomoka. Afundishwe akichoma kwa mkono wake mbele ya muuguzi kabla ya ruhusa. Maelezo ya mdomo peke yake husahaulika getini. Anawe mikono, akae nusu ameegemea, achague sehemu ya ubavuni mwa tumbo iliyo mbali na kitovu kwa sentimita 5 hivi na mbali na kovu. Tumbo likiwa na maumivu, upande wa nje wa paja unafaa. Povu dogo la hewa lililomo kwenye bomba lililojazwa kiwandani lisitolewe. Akilisukuma nje hupoteza dawa pamoja nalo. Abane mkunjo wa ngozi, achome wima hadi mwisho wa sindano, asukume polepole, achomoe, ndipo aachie mkunjo. Asisugue: kusugua ndiko kunakoacha madoa ya buluu yanayomtisha asichome kesho. Kesho achome upande wa pili, saa ile ile. Akisahau, achome akikumbuka siku hiyo hiyo. Siku ikiwa imeshapita asichome mbili kwa pamoja. Sindano zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko.

Soksi za kubana sina mapenzi nazo makubwa. Zikipimwa vizuri kwenye kifundo na kigimbi zinasaidia kiasi kwa asiyeweza kupewa heparini. Zisipopimwa, ukingo wake hujikunja chini ya goti ukawa kamba, na kufunga damu ambayo ilitakiwa ipande. Mwenye mishipa ya ateri, ile inayotoa damu moyoni, iliyoziba asivae kabisa.

Kisha kuna kutambua, na hapa anatomia inawahadaa wengi. Juu ya nyonga, ateri ya upande wa kulia huvuka juu ya vena ya kushoto na kuikandamiza kwenye uti wa mgongo, mimba ikizidisha. Ndiyo maana madonge mengi ya wajawazito na wazazi huwa mguu wa kushoto, tena juu, pajani na nyongani. Mtu anayetafuta kigimbi kinachouma anaweza kukosa donge lililo kwenye nyonga: mguu mzima umejaa, paja zito, rangi imekuwa ya zambarau kidogo, maumivu yako kinenani, tumboni chini au matakoni. Mzazi atadhani ni kidonda, na anayemhudumia atadhani hivyo hivyo. Miguu yote miwili kuvimba siku za mwanzo ni kawaida, kwa sababu ya maji ya dripu na ya mimba. Mmoja kuuzidi mwingine si kawaida. Utepe wa fundi nguo unatosha: pima mzingo wa kila kigimbi sentimita 10 chini ya goti, tofauti ya sentimita 2 au zaidi ni ya kupeleka hospitali siku hiyo hiyo. Kule kukunja unyayo ili kuona kama kigimbi kinauma, kipimo cha zamani, hakiaminiki, na mguu usikandwe.

Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma anapovuta hewa, kikohozi chenye damu, kuzimia, moyo kwenda mbio bila homa: hayo ni ya mapafu, na ni dharura. Yapo na ya pembeni yanayosahaulika. Homa isiyoshuka kwa antibiotiki siku kadhaa baada ya upasuaji, na maumivu upande wa kulia wa tumbo, inaweza kuwa donge kwenye vena ya ovari. Kichwa nacho: maumivu yaletwayo na ganzi ya mgongo hupanda mzazi akikaa na kutulia akilala; lakini yasiyojali mkao, au yanayozidi akilala, yakifuatana na macho kuona ukungu, degedege au upande kulegea, yadhaniwe donge la vena za ubongo hadi ithibitike vinginevyo.

Kipimo cha damu cha D-dima hakisaidii kitu katika wiki hizi, kwa sababu huwa juu kwa karibu kila mzazi. Kinachotakiwa ni ultrasaundi ya vena kwa mguu na picha ya kifua kwa mapafu, na dawa ya matibabu ianze kabla ya picha ikiwa dalili ni nzito na hakuna kizuizi. Ultrasaundi ya kwanza ikiwa safi lakini mguu bado unatia shaka, irudiwe siku ya 3 na ya 7.

Limebaki jambo ambalo huamuliwa kwa haraka kwenye meza ya uzazi wa mpango. Vidonge vyenye estrojeni huongeza kuganda kwa damu. Anayenyonyesha asipewe kabla ya wiki 6, na miongozo mingi humtaka asubiri hata zaidi. Asiyenyonyesha, akiwa amepasuliwa na ana hatari nyingine, asipewe kabla ya siku 42. Vijiti, kitanzi na vidonge visivyo na estrojeni vinamfaa zaidi. Na aliyepata donge safari hii aambiwe kabla ya kuondoka, kwa maandishi: alama yake ya mimba ijayo ni 4 tayari, na sindano zake hazitangoja upasuaji mwingine. Zinaanza mimba ikiwa changa.